Kidole gumba kina ganzi, bega linauma: ni shingo, ni kifundo cha mkono, au ni kitu kingine?

#1 Sindano_na_Uzi
Habari za jioni wadau. Mimi nashona sare za shule hapa Kariobangi. Tangu Februari bega la kulia linauma kwa ndani, karibu na bawa la bega, na maumivu yanateremka upande wa nje wa mkono mpaka kidole gumba na kile cha shahada. Gumba lina ganzi. Nikishika mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa, kabla sijamaliza kukata mgongo wa shati moja vidole vinalegea na mkasi unatoka nje ya chaki.

Nimepigwa eksirei ya shingo. Karatasi inasema pingili zimeota vijimfupa na nafasi kati ya pingili ya tano na ya sita imepungua. Daktari anasema neva imebanwa shingoni, nikapige MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Mama mkwe alinipeleka kwa mchuaji, naye anasema ni misuli ya bega imekaza, shingo haina neno. Kijana wa duka la dawa anasema ni upungufu wa vitamini, nichome sindano. Wote watatu hawawezi kuwa sahihi kwa mpigo. Aliyepitia haya anieleze kabla sijatoa pesa za MRI. Shule zinafunguliwa na oda zimejaa mezani.

#2 Dereva_wa_Mombasa_Road
Nafuatilia. Wangu ni mkono wa kushoto, unakufa ganzi nikiwa safarini.

#3 Muuguzi_Mstaafu
@Dereva, wewe kwanza. Mkono wa kushoto ukiuma tunauliza kifua kabla ya shingo. Kama unauma ukipanda ngazi au ukipakia mizigo na unapoa ukipumzika, au unakuja na jasho, kichefuchefu na kifua kubana, acha kusoma huu uzi uende ukapimwe moyo leo hii. Maumivu ya shingo hubadilika mtu anapogeuza shingo. Ya moyo hayajali umegeukia wapi.

@Sindano, pole mwanangu. Nijibu haya. Ukitazama dari, maumivu yanaongezeka? Ukiweka kiganja juu ya utosi, yanapungua? Usiku unaamka kukung'uta mkono? Sukari umepima? Mkono wa pili ni mzima?

#4 Sindano_na_Uzi
Shikamoo mama. Nikitazama juu, tuseme natoa robota la kitambaa kwenye rafu, inapiga kama stima mpaka kwenye kiwiko. Mkono juu ya kichwa ndivyo ninavyolala siku hizi, ndiyo nafuu pekee niliyonayo. Usiku naamka pia, na nikiukung'uta unarudi kidogo. Sukari sijapima tangu nijifungue kitinda mimba wangu. Mkono wa kushoto hauna shida.

#5 Hesabu_Kwanza
Hiyo karatasi ya eksirei haipatani na dalili. Pingili za shingo ni saba, kwa hiyo neva ni saba. Nafasi ya tano na sita ingebana neva ya tano, na neva ya tano ni ya bega. Haifiki kwenye gumba.

#6 Mwaka_wa_Tano
@Hesabu, pingili ni saba lakini neva za shingo ni jozi nane. Shingoni kila neva hutokea juu ya pingili yenye namba yake, na ile ya nane ndiyo hutokea chini ya pingili ya saba. Kwa hiyo kati ya pingili ya tano na ya sita panatoka neva ya SITA, na hiyo ndiyo ya gumba na kidole cha shahada. Ya saba ni ya kidole cha kati, nayo ndiyo hubanwa mara nyingi kuliko zote. Ya nane ni ya kidole cha mwisho na cha pete. Karatasi ya huyu dada na vidole vyake vinasema jambo moja.

Hata hilo la kuweka mkono juu ya kichwa linajulikana wodini. Mkono ukiinuliwa hivyo neva inalegea, inapumua. Kuna na kipimo kingine kilichoandikwa mwaka 1944 na Spurling na Scoville: daktari anakugeuza shingo upande unaouma, anailaza nyuma kidogo, kisha anabonyeza kichwa taratibu. Maumivu yakishuka mkononi, shingo imekiri. Usijipime mwenyewe nyumbani wala usimpe mume akubonyeze.

#7 Hesabu_Kwanza
La namba nimelikubali, daktari wetu mtarajiwa. Lakini eksirei haionyeshi neva, inaonyesha mfupa. Na hata MRI msiitukuze sana. Wajapani walichapisha mwaka 2015 picha za MRI za shingo za watu 1,211 wasio na dalili zozote, na 87.6% walikuwa na diski, ule mto laini wa kati ya pingili, iliyotokeza. Hawaumwi popote! Sasa fundi wetu akipiga MRI ikaonyesha diski imetokeza, tumejua nini?

#8 Mwaka_wa_Tano
Tumejua kama imetokeza upande wa kulia, kwenye neva ya sita, pale pale dalili zinaposema. Picha inasomwa pamoja na mgonjwa. Ikisomwa peke yake inatisha watu bure, hapo nakuunga mkono.

#9 Kibodi_Usiku
Niko kwenye kituo cha kupokea simu, zamu ya usiku, na shingo yangu naijua. Tatizo ni kuinama. Daktari mmoja wa upasuaji wa New York, Hansraj, alionyesha mwaka 2014 kwamba ukiinamisha kichwa nyuzi 60, shingo inabeba kilo 27, wakati kichwa kikiwa wima ni kilo 5 hivi. Fundi anainamia cherehani kutwa, akitoka hapo anainamia simu. Msitafute mbali.

#10 Hesabu_Kwanza
Zile kilo alizitoa kwenye kielelezo cha kompyuta, hakupima shingo ya mtu. Na mafundi wangapi wa Kariobangi wanainama miaka thelathini bila ganzi?

#11 Fizio_Ngara
Nimesoma yote. @Sindano, kuna jambo hawajakuuliza: kidole cha kati kikoje? Na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa gumba?

Nauliza kwa sababu kuna neva inayopita kwenye kifundo cha mkono, chini ya utando mgumu, na ikibanwa pale inatia ganzi gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Wenye tatizo hilo ndio huamka usiku wakikung'uta mkono. Na mtu anayekamua mkasi mzito kutwa ni mteja wake hasa. Neva ni ile ile moja ndefu, inatoka shingoni mpaka ncha ya kidole, inapita mahali finyu kama uzi unavyopita kwenye matundu yote ya cherehani kabla haujafika kwenye sindano. Ukikwama popote, mshono unaharibika. Inawezekana umekwama mahali pawili.

#12 Sindano_na_Uzi
Cha kati kinawashawasha asubuhi. Cha pete sijui, ngoja nikiangalie vizuri. Mmenichanganya zaidi lakini nashukuru.

#13 Mkono_wa_Pumwani
Mimi nachua watu, kazi niliyoirithi kwa mama na nyanya. Nasema kwa heshima: mchuaji wa #1 msimcheke. Misuli ya ubavuni mwa shingo na ya bawa la bega ikikaza, maumivu yanashuka mkononi vile vile, na mtu anaweza kuapa ni mfupa. Nimewashika wengi wa namna hiyo, wapagazi wa Gikomba, wapaka rangi wa dari, na wakainuka wazima.

Lakini mtu akiniambia kidole kina ganzi na kitu kinamdondoka mkononi, simgusi shingo. Namchua bega taratibu kwa mafuta ya nazi na karafuu, kisha namwambia aende akapimwe. Shingo sivunji, wala sigeuzi kichwa cha mtu kikalia "kwa!". Wanaofanya hivyo ndio wanaotuharibia jina.

#14 Muuguzi_Mstaafu
@Mkono_wa_Pumwani, Mungu akuzidishie. Kule kuzungusha shingo kwa nguvu, kuna mishipa ya damu miwili inapanda ubongoni ndani ya pingili zenyewe. Ikichanika, mtu anapata kiharusi. Ni nadra, lakini nimewahi kumwona mmoja wodini, kijana, na sitaki kuona wa pili.

#15 Abuu_wa_Eastleigh
Assalaam aleikum. Hijama, kule kuumikwa, ilinitoa bega la mwaka mzima. Sisemi aache daktari, nasema aijaribu pia.

#16 Muuguzi_Mstaafu
Waaleikum salaam Abuu. Vyembe viwe vipya na sukari ipimwe kwanza.

#17 Tembe_na_Sindano
Mimi ni wa duka la dawa, sio yule wa #1 lakini nitamtetea. Ganzi ya vidole na vitamini B12 ni mambo yanayojulikana. Mtu asiyekula nyama, maziwa wala mayai, au anayemeza metformini ya sukari miaka mingi, B12 inashuka na neva zinaumia. Wateja wangu wengi wamechoma zile sindano nyekundu wakapata nafuu.

#18 Muuguzi_Mstaafu
Kweli kabisa kwa aliyepungukiwa. Ila upungufu wa B12 na sukari kwa kawaida huanzia miguuni, miguu yote miwili, mtu anahisi amevaa soksi asizozivaa. Huyu ana mkono mmoja na vidole viwili vitatu. Apime damu ajue, sipingi, maana sukari pia humfanya mtu abanwe kirahisi kwenye kifundo cha mkono. Sindano ya kubahatisha siitaki.

Na tukiwa hapo hapo dukani: diklofenaki, ile dawa ya maumivu, isigeuzwe chai. Inakula tumbo, inachosha figo, inapandisha presha. Siku chache, baada ya chakula, na kwa aliyeambiwa hana vidonda wala presha.

#19 Tembe_na_Sindano
Nakubali la diklofenaki. La kubahatisha sikubali, tunasaidia watu ambao foleni ya hospitali imewashinda.

#20 Binti_Murang'a
Naomba mnisikilize kidogo hata kama natoka kwenye mada. Baba yangu hakulalamika maumivu. Alianza kushindwa na vifungo vya shati. Kila asubuhi anaita mama amfunge. Tukasema ni uzee. Kisha mwandiko ukaharibika, yeye ambaye alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa na mwandiko wake ulisifiwa. Kisha akaanza kutembea miguu imepanuka, anashika kuta. Daktari mmoja akatupa dawa za magoti. Tulipofika Nairobi daktari wa mishipa ya fahamu alimgonga magoti kwa nyundo, miguu ikaruka vibaya, akasema shida iko shingoni: si neva ya mkono iliyobanwa, ni uti wa mgongo wenyewe, ule ugwe mkuu wa neva unaopita ndani ya pingili.

Alipasuliwa. Haikuongezeka tena, lakini vifungo hakuvirudia. Tuliambiwa tulichopoteza kabla ya upasuaji huenda kisirudi. Kwa hiyo dada Sindano, kama mkono wa pili utaanza, au ukijikwaa ovyo, au mkojo ukikusumbua, usingoje shule zifunguliwe.

#21 Mwaka_wa_Tano
Pole sana Binti. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote zilizozungumzwa hapa. Neva moja ya mkono mara nyingi inasubirika. Uti wa mgongo hausubiriki.

#22 Muuguzi_Mstaafu
Niongezee: homa za jioni, jasho la usiku, uzito kushuka pamoja na maumivu ya shingo, hapo tunafikiria TB ya mifupa na hata saratani. Na mkono unaozidi kulegea wiki hadi wiki, asingoje.

#23 Pingili_Bandia
Nimefanyiwa upasuaji wa shingo, kwa hiyo nami niseme. Yangu ilikuwa neva ya saba, mkono ulikosa nguvu ya kusukuma mlango wa matatu. Nilijaribu vidonge, pregabalini (dawa ya maumivu ya neva) iliyonitia usingizi mpaka nikapitiliza kituo, fizio yaani tiba ya mazoezi, na sindano ya steroidi shingoni. Nguvu ikazidi kupungua, ndipo nikakubali.

Wanaingilia MBELE ya shingo, pembeni ya koromeo, sio nyuma. Watu hawaamini nikiwaonyesha kovu. Wanatoa diski, wanaweka kipande badala yake, pingili mbili zinaungana. Njia hiyo ina umri kuliko wengi wetu humu, Cloward na wale wawili, Smith na Robinson, waliichapisha miaka ya 1950. Kumeza chakula kulinisumbua mwanzoni, uji na supu vikanilea. Maumivu ya mkono yaliondoka nikiwa bado wodini. Ganzi ilichelewa. Sijutii, ila simshauri mtu akimbilie huko.

#24 Hesabu_Kwanza
Asante @Pingili. Na takwimu zinakubali kwamba wengi hawafiki huko. Kule Rochester, Minnesota, walifuatilia wagonjwa 561 wa neva ya shingo walioonekana kati ya 1976 na 1990. Kama robo walipasuliwa. Mwishoni 90% walikuwa hawana dalili au zimebaki kidogo tu.

#25 Kibodi_Usiku
Leo Hesabu kakubali kitu! Tuwashe mshumaa.

#26 Dereva_wa_Mombasa_Road
Kola je? Turnboi wangu alivaa kola ya shingo baada ya ajali, anasema ilimsaidia.

#27 Fizio_Ngara
Kola siipendi. Misuli inalegea, mtu anaogopa kusogeza shingo. Mimi nampa mazoezi: kurudisha kidevu nyuma taratibu, kukaza misuli ya katikati ya mabega, kunyoosha neva kwa upole bila kuilazimisha. Baadaye labda kuvuta shingo kwa mashine, chini ya uangalizi. Vile vifaa vya kujining'iniza mlangoni vinavyouzwa mtandaoni, achaneni navyo mpaka mtu awapime.

#28 Mwaka_wa_Tano
Kwa adabu, @Fizio. Waholanzi walijaribu mwaka 2009 kwa wagonjwa 205 ambao dalili zao zilikuwa changa. Wengine walipewa kola ngumu kiasi wiki tatu na kupumzika, kisha wakaiacha polepole, wengine fizio, wengine waliambiwa waendelee na maisha. Baada ya wiki sita, wa kola NA wa fizio walikuwa na nafuu kubwa kuliko walioachwa. Kwa hiyo kola ya muda mfupi, mwanzoni, ina nafasi yake.

#29 Fizio_Ngara
Utafiti naujua, na umesema vizuri: mwanzoni. Huyu ni tangu Februari. Na wanaonijia na kola hawaivai wiki tatu, wanaivaa mpaka inachanika.

#30 Mama_wa_Wakulima
Mnaongea simu na cherehani, na sisi tunaobeba? Nimebeba magunia ya viazi kwa mkanda wa kichwani tangu nikiwa msichana Kinangop. Shingo yangu ni nzima. Dada yangu, mwalimu, hajawahi kubeba hata kuni za haja, ndiye mwenye neva.

#31 Hesabu_Kwanza
Mama umenikumbusha jambo zuri. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya, Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, juu ya akina mama wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipaji na akina mama wa Kijaluo wanaobeba utosini. Walibeba mzigo mpaka 20% ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Mwili umejifunza. Kwa hiyo mzigo wenyewe sio adui.

#32 Fizio_Ngara
Walipima hewa wanayovuta, ndugu yangu. Pingili hawakuzipiga picha. Mtu anaweza kutembea bila kuchoka na diski yake inakwisha pole pole.

#33 Mama_wa_Wakulima
Basi mje sokoni mtupige picha, tupo kuanzia saa kumi alfajiri.

#34 Sindano_na_Uzi
Nimerudi wadau, samahani kwa ukimya, oda. Sukari iko sawa. B12 iko chini kidogo, sio sana, daktari kanipa vidonge. MRI nilipiga baada ya kuhakikisha kibali cha SHA, bima ya afya ya serikali, nawashauri muulize kibali kabla hamjalala kwenye ile mashine. Imeonyesha diski ya tano na sita imetokeza upande wa kulia, inaigusa neva. Pia imeonyesha ya sita na saba imetokeza upande wa KUSHOTO, ambako siumwi chochote. Kisha daktari akataka kipimo cha umeme wa neva, wakanichoma visindano mkononi, na kwenye kifundo cha mkono umeme unapita polepole kuliko kawaida.

Nimepewa kibao cha kufunga kifundo usiku, na fizio. Upasuaji hajautaja, anataka kunitazama nguvu za mkono tena baada ya wiki sita. Kuamka usiku kumepungua tangu nianze kufunga kibao. Bega bado. Nimeinua meza ya kukatia kwa matofali, na mkasi ule mkubwa nimempa msaidizi.

#35 Mwaka_wa_Tano
Shingo. Nilisema.

#36 Fizio_Ngara
Shingo na kifundo. Nilisema.

#37 Tembe_na_Sindano
Na B12 mmeiona au mmeiruka?

#38 Hesabu_Kwanza
Mimi naona ile diski ya kushoto. Imetokeza, haiumi. Kama ya kushoto inaweza kukaa kimya, mnajuaje ya kulia ndiyo inayopiga kelele na sio kifundo peke yake?

#39 Mwaka_wa_Tano
Kifundo hakiumizi bawa la bega ukitazama dari.

#40 Mkono_wa_Pumwani
Misuli inaumiza.

#41 Dereva_wa_Mombasa_Road
Nami nimepimwa moyo, uko safi, asante mama muuguzi. Kwa hiyo ni shingo sasa? Ganzi ni kidole cha mwisho na cha pete, inakuja zaidi nikiamka ndani ya kabini.

#42 Fizio_Ngara
Kabini unalalaje? Mkono unaukunja chini ya kichwa?

#43 Dereva_wa_Mombasa_Road
Ndiyo, kila siku, hakuna mto.

#44 Fizio_Ngara
Basi tazama kiwiko kabla ya shingo. Neva ya vidole hivyo viwili inapita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unasikia shoti. Ukikunja mkono usiku kucha inavutika na kubanwa. Funga taulo kwenye kiwiko usiku ili usikunje, uone wiki kadhaa.

#45 Mwaka_wa_Tano
Au neva ya nane ya shingo. Ganzi inaishia kwenye kifundo, au inapanda mpaka upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko?

#46 Dereva_wa_Mombasa_Road
Niko Mtito Andei, nitaangalia nikilala leo niwaambie.